Kusoma kwa raha mpaka uzeeni: mwongozo kamili kwa aliyeachana na vitabu siku ya mtihani wa mwisho

Mtu akikuambia "mimi kusoma siwezi", mdadisi kidogo. Utakuta anasoma simulizi ya Facebook mpaka saa saba usiku, yuko sehemu ya 41, na akifika palipoandikwa "itaendelea" anamlaani mwandishi. Anasoma maoni yote chini ya habari ya ndoa ya msanii iliyovunjika. Macho ni mazima na subira anayo. Anachokikwepa ni kitabu, kwa sababu riwaya ya mwisho kuishika ilikuwa ya kidato cha nne, na ilikuja na maswali yake: jadili dhamira, taja tamathali za semi kwa mifano, mhusika huyu ni bapa au duara? Wenzake wengi hata hawakuifungua. Walisoma desa la uchambuzi, wakakariri majina ya wahusika, wakafaulu, wakaachana na jambo hilo salama.

Mwongozo huu ni wa huyo. Ni wa yule mwingine pia, aliyekuwa hakosi kitabu mkononi utotoni, halafu kazi, watoto na simu vikachukua nafasi. Hatua zimepangwa kwa mfuatano, ila mbili za kwanza ndizo zenye uzito. Ukizikosea hizo, zilizobaki zitakuwa ratiba ya kujilazimisha, na ratiba za namna hiyo tunazijua zinavyoishia Februari.

Hatua ya 1: Mtoe mwalimu kichwani

Anayesoma kwa raha hadaiwi na mtu. Ana ruhusa ya kuruka maelezo marefu ya mandhari, kuchungulia ukurasa wa mwisho, kusoma vitabu viwili kwa mpigo, kurudia kitabu kilekile mara ya nne huku vipya vikipata vumbi. Ana ruhusa ya kusahau jina la mhusika. Ana ruhusa pia ya kunyamaza akiulizwa "kinafundisha nini?"

Swali hilo ndilo linalotumaliza. Tumezoea kuamini kwamba hadithi isiyo na funzo ni upuuzi, na mtu mzima akionekana na riwaya mchana wa Jumamosi ataulizwa kama hana kazi. Lakini hebu tukumbuke ngano za bibi. Ni kweli mwishoni palikuwa na adili. Hakuna mtoto, hata hivyo, aliyekesha kwa ajili ya adili. Tulikesha kujua kama sungura ataponyoka. Adili lilikuja lenyewe baadaye, tukiwa tumeshalala nusu.

Kwa hiyo, kwa miezi michache ya mwanzo, usiandike muhtasari. Usipige mstari chini ya sentensi nzuri kama hukusukumwa na sentensi yenyewe. Usitangaze kwenye status kwamba mwaka huu utasoma vitabu 50. Lengo hilo ni mtihani ule ule umerudi kupitia mlango wa nyuma, na litakufanya uchague vitabu vyembamba ili hesabu itimie.

Neno kuhusu vitabu vya hamasa. Pita kwa muuza vitabu yeyote wa barabarani, utakuta sehemu kubwa ya meza ni vya kukufundisha kuwa tajiri, kuamka saa kumi alfajiri na kuwa na ushawishi mbele za watu. Sina ugomvi navyo, na vingine vina maarifa. Ila mtu anayetaka kupenda kusoma akianza navyo huwa anakwama, maana kila ukurasa unamkumbusha kasoro zake. Huwezi kustarehe na kitu kinachokugombeza. Viweke pembeni, utavirudia ukivihitaji.

Na lugha je? Soma kwa lugha unayocheka nayo. Wapo wanaojilazimisha riwaya nene ya Kiingereza ili "wainue lugha", kamusi mkono wa kushoto, kurasa mbili kwa usiku. Hilo ni somo la lugha na lina heshima yake, lakini tusiliite starehe. Kama Kiingereza au Kifaransa ndicho kinachokutoka bila kufikiri, sawa, anza nacho. Kama ni Kiswahili, anza na Kiswahili bila kuona haya.

Hatua ya 2: Anzia pale ladha yako ilipo leo

Kosa kubwa la watoa ushauri ni kumpa kila mtu kitabu kile kile kwa sababu ni "kazi kubwa ya fasihi". Ukubwa wa kazi hausaidii kitu kama mtu analala ukurasa wa nane. Jiulize vitu vitatu. Ukiwa na rimoti mkononi unatafuta nini? Kijiweni au saluni, ni mazungumzo gani yanakufanya usogeze kiti? Na simulizi gani ya mwisho ilikukosesha usingizi, iwe ya simu, ya redio au ya shangazi? Majibu yake ndiyo rafu lako la kwanza.

Kama unapenda fumbo, yaani nani kaua na kwa nini, mlango wako ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichopata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kuchapwa 1960, ndicho kilichotuletea Bwana Msa, mpelelezi asiye na haraka, mwenye kiko mdomoni na dharau kwa maelezo ya kishirikina. Baada yake kuna *Kisima cha Giningi*, *Siri ya Sifuri* na vingine, hivyo ukimpenda Bwana Msa utakaa naye kwa muda. Hilo la mfululizo ni faida kubwa kwa anayeanza upya: ukimaliza kimoja huhitaji kutafuta tena, unajua unakwenda wapi.

Kama sinema zako ni za risasi na magari, Elvis Musiba alikuandikia. *Kufa na Kupona* cha 1974 ndipo jasusi Willy Gamba anapoingia kazini, na kizazi kizima cha Tanzania kilisoma vitabu vya Musiba chini ya dawati wakati wa kipindi cha hesabu. Ben Mtobwa naye ana mpelelezi wake, Joram Kiango. Walimu wengi wa fasihi walikunja pua kwa "riwaya pendwa" hizi. Kwa maoni yangu ndizo zilizofundisha Watanzania wengi zaidi kumaliza kitabu kuliko vitabu teule vyote vikiwekwa pamoja.

Anayetaka mapenzi yenye historia nyuma yake achukue *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi (1999): Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi aliyeozwa mzee, na Unguja ya wakati wa ukoloni inayochemka siasa. Filamu yake ya 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji imewarudisha wengi kwenye kitabu, nayo ni njia halali kabisa. Ukiona filamu imekukolea, nenda kwenye kurasa. Adam Shafi huyohuyo ana *Kuli*, juu ya wapagazi wa bandarini na mgomo wao wa 1948, kwa yule ambaye hadithi zake ni za kazi, jasho na haki.

Mambo ya familia, ulevi wa baba, binti aliyebanwa mpaka akapasuka? *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, 1971. Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na ukikisoma utu uzimani utaelewa kilichowatisha watu wa wakati ule. Utaelewa pia kwa nini hakijazeeka. Safari na utafutaji? *Siku Njema* cha Ken Walibora, ambamo kijana Kongowea anaondoka Tanga kwenda Kenya kumsaka baba yake. Anayependa maisha ya watu halisi aanze na Shaaban Robert, wasifu wake wa Siti binti Saad, mwanamke wa kijijini Unguja aliyeuza vyungu na kuishia kurekodi santuri zilizosikika pwani nzima.

Na kwa anayependa maneno yenyewe yalivyofumwa, kuna *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyaandika akiwa mfungwa wa siasa Kenya, mengine kwenye karatasi za chooni, yakachapwa 1973. Usiyasome mfululizo kama riwaya. Moja kwa usiku latosha.

Onyo moja: usianze na *Nagona* wala *Mzingile*. Ni vitabu vyembamba vya Kezilahabi huyohuyo, vya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wembamba wao unadanganya. Ni vya ajabu, vina wapenzi wake, mimi nikiwa mmoja wao, lakini mtu anayetoka kwenye ukame wa miaka kumi akivianza hivyo atafunga kitabu akiwa na hakika kwamba yeye hana akili. Viache mpaka siku utakapochoka na hadithi zinazonyooka.

Ukitaka kupanuka kidogo, dada na kaka zetu wa Muscat, London au Minneapolis wanaolilia kusoma kitu cha kwao watafute *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel 2021. Aliyeitafsiri ni Ida Hadjivayanis na wachapishaji ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Hatua ya 3: Vipate vitabu, viwe karibu

Hapa ndipo nia njema nyingi zinapofia. Mtu ameamua kusoma, anakwenda duka la vitabu la mjini kwao, anakuta madaftari, vitabu vya kiada na kalenda. Tuseme ukweli, vitabu vya starehe havijatapakaa mitaani kwetu. Inabidi uvitafute, na ukishajua njia zake ni rahisi kiasi.

Maduka yapo. Dar es Salaam kuna TPH Bookshop Barabara ya Samora na Soma Book Café Mikocheni, Nairobi kuna Text Book Centre na Nuria, ambao huuza sana kazi za waandishi waliojichapishia wenyewe. Kabla ya kwenda, piga simu uulize kama kitabu kipo. Nauli ya bure inakatisha tamaa.

Vitabu vya mitumba ndiyo njia ninayoipenda mimi. Vinapangwa chini kwenye turubai au juu ya meza za mbao katikati ya mji, na bei ni ya maelewano kama kila kitu kingine. Mambo ya kuangalia: fungua katikati uone kama kurasa zote zipo, kwa sababu vitabu vya zamani vilivyobandikwa gundi huachia karatasi, tazama ukurasa wa mwisho kabisa, maana riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa nne za mwisho ni adhabu, kisha nusa. Harufu ya unyevu mkali ina maana ya ukungu, na ukungu utahamia kwa vingine nyumbani. Jenga urafiki na muuzaji mmoja, mwachie namba yako na majina ya waandishi unaowatafuta. Atakupigia. Wauzaji hawa wanajua vitabu kuliko wanavyodhaniwa, na chapa za zamani za Musiba au za Bwana Msa mara nyingi hupita mikononi mwao kabla ya kupotea.

Maktaba tumezisahau. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani. Wengi huingia humo na madaftari yao tu, kutafuta meza na utulivu wa kujisomea mtihani, na hawajui kwamba vitabu vinaazimwa. Nenda kaunta, uliza fomu ya uanachama, ada na masharti ya mdhamini, kisha uliza rafu la riwaya za Kiswahili liko wapi. Usishangae ukikuta nyingi ni kuukuu. Kwenye kuukuu ndimo mlimo vitu ambavyo hakuna duka linaviuza tena. Kenya nako kuna maktaba za umma kaunti nyingi, na kule Garissa tangu 1996 vitabu vimekuwa vikipelekwa kwa wafugaji kwa mgongo wa ngamia. Ikiwa ngamia anaweza, wewe mwenye daladala una kisingizio gani?

Waandishi wenyewe ni duka. Waandishi wengi wa riwaya Tanzania siku hizi wanauza kazi zao mikononi: unawatumia ujumbe, unalipa kwa simu, kitabu kinapakiwa kwenye basi la mkoani, unapewa namba ya gari na unakwenda stendi kukichukua. Bei huwa ya haki, na mara nyingi utapata sahihi yake juu. Ukikipenda mwandikie umwambie. Kwa mwandishi wa huku ujumbe mmoja wa msomaji asiyemjua unakaa muda mrefu.

Kuhusu PDF zinazozunguka kwenye magrupu, najua zipo, na wewe unajua. Kitabu ambacho hakichapwi tena na mwandishi wake ni marehemu ni jambo la kubishania. Lakini kitabu cha mwaka jana cha mtu anayeishi mtaa wa pili, kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa, ni kumwambia aache kuandika. Hadithi za bure za halali ziko pia, hasa za watoto: African Storybook ina mamia ya vitabu vyenye picha, vingi kwa Kiswahili, vya kusoma kwenye simu au kuchapa nyumbani.

Ukishapata vitatu au vinne, viweke mahali unapovigusa ukipita. Kabati la kioo lenye ufunguo, lile la sebuleni lenye seti ya sahani za wageni, ni kaburi la vitabu. Afadhali stuli kando ya kitanda, dirisha la jikoni, mkoba wa kazini. Pwani viepushe na ukuta unaovuja, na popote penye mchwa visikae chini sakafuni.

Hatua ya 4: Muda

Huna muda, sawa. Una foleni. Una benki, kliniki, kituo cha mwendokasi, saluni, mpira ambao unaanza saa moja baada ya muda uliotangazwa. Mtu anayebeba kitabu kwenye mkoba kila siku atasoma kurasa kumi bila kupanga, na kurasa kumi kwa siku ni 300 kwa mwezi, ambazo ni riwaya moja na nusu ya kawaida ya Kiswahili. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Usiku una kanuni moja tu: simu ilale chumba kingine, au angalau upande wa pili wa chumba. Ukiwa na vyote viwili mkono mmoja, simu itashinda kila siku, kwa sababu imetengenezwa na watu wanaolipwa ili ishinde. Tafuta taa ndogo ya kuchaji. Umeme ukikatika ndipo utaona kitabu kilivyo rafiki wa giza la mtaa mzima.

Kisha macho. Hili halisemwi vya kutosha. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuvuta vitu vya karibu. Dalili yake ni kwamba unasogeza gazeti mbali, mbali zaidi, mpaka mkono unaisha. Watu wengi hudhani wamepoteza hamu ya kusoma, au kwamba kitabu kinawaletea usingizi na kichwa kuuma, kumbe ni miwani. Pima macho kabla hujajilaumu. Miwani ya kusomea si ya gharama kubwa, na nimeona wazee wakirudi vitabuni wiki ile ile waliyoivaa.

Hatua ya 5: Jifunze kuacha kitabu

Kipe kitabu kurasa 30. Kama ni kinene, 50. Hapo jiulize swali moja: nikikipoteza leo kwenye basi, nitasikitika? Kama jibu ni hapana, kifunge na ukigawe. Huna haja ya sababu. Anayeng'ang'ania kitabu kibovu kwa miezi mitatu hasomi hicho, wala hasomi kingine.

Tofautisha, hata hivyo, kitabu kibovu na kitabu kigumu kinachokuita. Kigumu kinachoita kina kitu kinachokuwasha hata ukikifunga: sauti fulani, sentensi fulani, mtu ambaye hujamwelewa. Hicho usikigawe. Kirudishe rafuni, kitangoja.

Hatua ya 6: Tumia sauti

Utamaduni wetu wa kusoma haukuanza na mtu mmoja kimya kwenye kona. Utenzi uliandikwa ughanwe. Mwana Kupona wa Pate alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, aliufunga kwa vipande vya mizani minane, vitatu vya kwanza vya kila ubeti vikifanana vina na cha nne kikibeba kina kimoja mpaka mwisho wa utenzi, kwa sababu sikio ndilo lililotakiwa kuukumbuka. Kama utenzi au shairi linakupita ukisoma kimya, lisome kwa sauti, polepole, ukisimama kwenye vituo. Kiswahili cha Kiamu, yaani lahaja ya Lamu ya tenzi hizo za zamani, kina maneno yatakayokukwaza. Tafuta chapa yenye maelezo pembeni, na mengine yaache yapite kama wimbo.

Sauti ndiyo inayofaa pia kwa watoto, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mpenda vitabu wa uzeeni mara nyingi alitengenezwa kabla hajajua kusoma.

Anza mapema, hata mwaka mmoja. Mtoto wa umri huo atakitafuna kitabu, na hiyo ndiyo njia yake ya kukisoma. Dakika kumi kabla ya kulala zinatosha. Soma ukiigiza: simba awe na sauti ya simba, mama wa kambo awe na ya mama wa kambo. Mtoto akitaka hadithi ile ile usiku wa kumi na tano mfululizo, msomee. Ukiruka sentensi atakurekebisha, nawe utajua ameishika yote. Anza na "Paukwa!" aitike "Pakawa!" kama tulivyofanyiwa, halafu fungua kitabu. Atakua akijua kwamba kitabu na hadithi ya bibi ni ndugu.

Mambo mawili yasifanyike. La kwanza, usigeuze hadithi kuwa jaribio: "Haya, sungura alikuwa na rangi gani? Umejifunza nini?" La pili, usitumie kusoma kama adhabu. Mtoto anayeambiwa "umegombana na mwenzio, nenda kasome" ameshaelewa kitabu ni kitu cha namna gani. Na usiache kumsomea siku anapojua kusoma mwenyewe. Darasa la pili anasoma kwa shida, herufi kwa herufi, huku akili yake inataka hadithi kubwa zaidi ya anazoziweza. Mwachie asome zake fupi, nawe uendelee kumsomea ndefu.

Vijana wa sekondari ni jambo jingine. Usiwachagulie. Acha kitabu mezani, kimefunguliwa, usiseme kitu, na usiulize kama amekisoma.

Hatua ya 7: Tafuta watu

Kusoma peke yako kunawezekana, lakini raha ya kusema "umefika pale anapofungua barua?" haina mbadala. Watu watano hadi wanane wanatosha kwa kikundi. Zaidi ya hapo kinakuwa mkutano, na kutakuwa na mwenyekiti, katibu na mchango wa soda. Kitabu kimoja kwa mwezi, kiwe chembamba, na kila mwezi achague mtu mwingine bila kupingwa. Kama nakala ni chache, zungusheni: anayemaliza ampe anayefuata, na mkutane wote wakishakisoma. Kutaneni mahali penye chai. Mazungumzo yaanze na "ulimchukia nani?" badala ya "dhamira kuu ni ipi?", mtaona saa mbili zinavyokwenda.

Kuazimishana kunahitaji daftari. Andika jina la kitabu, aliyekichukua na tarehe, mbele ya macho yake, bila aibu. Vile usivyoweza kuvumilia kuvipoteza usiviazimishe, sema tu "hiki hakitoki", watu wataelewa. Vingine vyote viazimishe ukiwa umeshavisamehe moyoni.

Hatua ya 8: Ukame ukija

Utakuja. Mtoto mchanga, msiba, kazi mpya, ugonjwa, au bila sababu yoyote, utakaa miezi bila kumaliza kitu. Wenye mapenzi ya maisha na vitabu wote wamepita hapo. Tofauti yao na wengine ni kwamba hawakuutangaza ukame kuwa mwisho.

Usirudi na kitabu kipya. Rudi na kile ulichokipenda zaidi zamani, hata kama ni cha utotoni, na usome sura moja unayoikumbuka. Ikishindikana, hadithi fupi. *Kicheko cha Ushindi* cha Mohamed Suleiman Mohamed ni mkusanyo ambamo unaweza kusoma kisa kimoja jioni moja na kuona umemaliza kitu. Ikishindikana hiyo pia, mwombe mtu akusomee. Mgonjwa kitandani asiyeweza kushika kitabu anaweza kusikiliza, na mjukuu wa darasa la sita anapata mazoezi ya sauti bila kujua.

Uzeeni mkono unachoka kabla ya hamu. Hapo kitabu cha kwenye simu au tableti, chenye herufi zinazokuzwa kwa vidole viwili, kinakuwa bora kuliko cha karatasi, hata kwa sisi tunaopenda karatasi. Mwekee mzazi wako mapema, akiwa bado na nguvu za kujifunza kukitumia, na umwekee vitabu vya ujana wake kwanza. Bwana Msa atakuwa chaguo zuri.